Kilio Kwenye Mto Uliohama

Vijana, mkitumwa kupima mto, kwanza nyamazeni. Msitupe kamba, msichomeke upondo, msimwite mwenzenu aliye ng'ambo. Sikilizeni. Maji yanapopiga kelele kina ni kifupi, chini kuna mawe au mchanga. Yanapopita kimya, hapo ndipo penye kina, na hapo ndipo watu wanapofia. Nilifundishwa hivyo na mnyapara wetu, Mwaijande, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, nilipoanza kazi ya mpaka kwenye mto Songwe wakati wa Wajerumani. Miaka yote ile masikio yangu yaliniambia kweli, isipokuwa mahali pamoja. Hapo nilisikia mto mchana kweupe, na mto haukuwepo.

Msinicheke. Najua mnaniita Babu Kamba, na mnadhani kazi yangu ilikuwa kuburuta kamba nyuma ya Mzungu. Kuburuta niliburuta, sikatai. Lakini mnaoishi Kyela leo mkijua kwamba shamba lenu liko nchi hii na si ile, mjue kuna watu walisimama kwenye tope hadi kiunoni ili mpate kujua.

Wakubwa wa Ulaya walikubaliana kwamba Songwe ni mpaka. Upande wa kaskazini, huku kwetu, ni wa Mjerumani. Upande wa kusini, kwa ndugu zetu Wangonde, ni wa Mwingereza. Kwenye karatasi mto ni mstari mmoja mwembamba. Ukiwa ndani ya mtumbwi mto una upana, una matete, una visiwa vya mchanga, una viboko wanaokutazama kwa jicho baya, na kuna mtu ukingoni anakuuliza kwa hasira mstari uko wapi. Wenye sheria walisema mpaka ni mkondo ule wenye kina kirefu kuliko mingine. Basi lazima awepo mtu wa kuutafuta kwa mti mrefu, yaani upondo, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Upondo una adabu zake. Usiushike kwa nguvu. Tope likiudaka, uachie, mtumbwi utapita, kisha mrudi kuuchukua. Wageni wote wa kazi hii hukosea namna moja: wanaung'ang'ania, mtumbwi unaendelea na safari, wao wanabaki wananing'inia katikati ya mto kama mkungu wa ndizi. Siku yangu ilipofika Mwaijande hakuja kunitoa mpaka alipomaliza kuvuta tumbaku yake. Aliniambia, "Sasa uko mpakani kabisa. Waulize hao viboko wanataka ushuru wa nani."

Mimi ni Mkisi, nimezaliwa ufukweni, na mama yangu alifinyanga vyungu kama mama zetu wote. Nilipomweleza habari za mipaka ya majini alicheka mpaka akaharibu chungu. Ziwani wakubwa walibishana zaidi, wengine wakisema mpaka uko kati ya maji, wengine wakisema unaishia pale mawimbi yanapogusa mchanga. Mama akaniuliza, "Sasa mimi nikiosha udongo, miguu yangu iko kwa Mwingereza na mikono kwa Mjerumani? Nikiumwa mgongo nimlilie nani?"

Lakini jambo nililotaka kuwaeleza ni la mto uliohama.

Songwe unahama. Kila masika unakula ukingo huu na kuujaza ule, kidogo kidogo. Bwana wetu, tuliyemwita Bwana Mnyororo kwa sababu aliupenda ule mnyororo wake wa kupimia kuliko chakula, alituweka chini kivulini akatufundisha sheria ya mambo haya. Mto ukitambaa, alisema, mpaka unatambaa nao. Mwenye shamba lililoliwa amepoteza, mwenye kuongezewa amepata, na hakuna wa kulaumiwa. Mto ukiruka, yaani ukiacha njia yake ghafla na kujichimbia nyingine, mpaka haurukii huko. Unabaki kwenye njia ya zamani, hata isipokuwa na tone la maji.

Mwaijande akauliza, "Bwana, mto uliokufa unaendelea kuwa mto?"

"Kwa sheria, ndiyo."

"Na ule ulio hai, wenye maji?"

"Huo ni maji tu."

Baadaye Mwaijande aliniambia kwamba Wazungu nao wana abasyuka wao, ila hawajui kuwaita kwa jina hilo. Abasyuka, kwa mgeni asiyejua, ni wale wazee wetu waliokufa ambao bado wana sauti katika nyumba.

Sasa kulikuwa na mzee aitwaye Mwakatundu. Mgomba wake wa kwanza ulipandwa na babu yake, na babu na baba walizikwa mle mle kwenye migomba, kama ilivyokuwa desturi. Shamba lake lilikuwa ukingo wa kaskazini, upande wetu. Masika moja mto ukahama. Ukapita nyuma ya shamba, ukalikata kutoka kwa ndugu zake wote wa kijiji cha Bujonde, kaskazini, ukaliacha limeshikamana na nchi ya Waingereza. Mbele ya shamba, pale mto ulipokuwa, pakabaki mchanga mtupu.

Ng'ambo ya mchanga ule alikaa mzee mwingine, Mngonde, jina lake Mwakasungula. Huyu alidai kwamba mto haukuruka, ulitambaa. Alisema ulikuwa umeanza kujichimbia kule nyuma miaka mingi, na masika ile ulimaliza tu kazi yake. Kama ndivyo, basi mpaka umekwenda na mto, shamba ni la upande wake, na Mwakatundu ahame na kuwaacha wafu wake. Hakuwa mtu mbaya, Mwakasungula. Mto ulikuwa umemla yeye mara nyingi bila kumlipa, na safari hii aliona zamu yake imefika.

Tulitumwa kupima. Nawaambieni ukweli, sijawahi kupenda mahali pale. Mchanga wa mto mkavu ulikuwa baridi chini ya nyayo wakati jua liko utosini. Mdiria, yule ndege mvuvi, alikuja akatua kwenye mti uliokauka, akaangalia chini muda mrefu, akapiga mbizi mchangani. Alifanya hivyo tena na tena mpaka akafa, nasi tunamtazama. Wanawake waliovuka pale kwenda kutafuta kuni walipandisha nguo zao hadi magotini, wakatembea polepole wakipapasa kwa miguu, na walipofika upande wa pili waliziteremsha. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza kwa nini jua linachomoza. Na mimi, niliyefundishwa kusikiliza, nilisikia maji yakipita kimya mbele yangu, penye kina. Niliogopa, na sikumwambia mtu.

Mnyororo haukutusaidia kuamua. Mafuriko yaliyofuata yalikuwa yamefukia alama zote. Ukingo mmoja ulisema hivi, mwingine ukasema vile. Bwana Mnyororo akakubaliana na mwenzake Mwingereza, tuliyemwita Bwana Mwavuli, kwamba atafutwe shahidi aliyeuona mto siku ile. Kama yupo aliyeuona ukiruka, umeruka. Kama hayupo, itahesabiwa kwamba ulitambaa.

Shahidi alikuwepo, tena mmoja tu. Siku mto ulipohama watu wote wa pale walikuwa Bujonde kwenye harusi. Aliyebaki kulinda mbuzi alikuwa Subilaga, mke wa mtoto wa kwanza wa Mwakatundu. Mumewe alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya boma la Wajerumani na hajarudi.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ninyi wa leo mnakaa meza moja na baba mkwe, mnapokezana chumvi. Zamani zile, huku, mkamwana hakumtazama mkwe wake. Wanyakyusa, watu wa Mwakatundu, wanaita kutila. Akimsikia anakuja, anaingia kwenye migomba. Wakikutana njiani, anajifunika nguo na kuinama mpaka apite. Jina lake halitamki, wala hasemi neno mahali ambapo mkwe yupo. Si chuki, vijana. Ni heshima iliyo nzito kama hofu. Subilaga alikuwa ameishi kwenye nyumba ile miaka mingi na kumzalia mzee wajukuu, na hakuijua sura yake.

Mabwana wale wawili walikuwa na desturi yao pia, ngumu vile vile. Shahidi aseme mbele ya mwenye shamba na mbele ya mpinzani wake, wote wakiwa wamesimama kwenye ardhi yenyewe. Mwenye shamba asipokuwepo, dai lake limeanguka.

Mwaijande alijaribu. "Bwana, mwanamke huyu hawezi kusema mbele ya mkwe wake."

"Kwa nini?"

"Ni heshima, Bwana."

"Basi amheshimu kwa kusema kweli."

"Aseme akiwa nyuma ya nyumba, nasi tumsikie?"

"Aonekane na wote," akasema Bwana Mnyororo, na Bwana Mwavuli akatikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakikubaliana bila kutazama karatasi.

Siku ya shauri palikuwa hapana upepo. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi walikuwa wamesimama juu ya maji kwa mbali, nguzo nyeusi, hazisogei. Tulikusanyika kwenye mchanga wa mto mkavu. Mwakasungula alikuja na wanaume wachache wa kwake. Upande wa Mwakatundu walikuwepo wazee kadhaa. Wanawake walikuwa nyuma, ng'ambo ya mto mpya, wakipika chakula cha kuwaletea watu. Subilaga alikuwa ndani ya migomba. Tuliona nguo yake tu.

Mwakatundu alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye mazoea ya kusafisha koo kabla ya kusema ili watu wapate kujiandaa. Alisafisha koo. "Mkamwana anamkimbia mkwe aliye hai," alisema. "Mkwe akifa je?"

Jibu kila mtu alilijua. Mkwe akifa, wakamwana zake wanamkaribia. Wanakaa naye, wanamtazama usoni, wanamlilia kwa jina. Heshima ile inakwisha siku hiyo.

"Nileteeni mkeka," akasema.

Mwakasungula, mpinzani wake, ndiye aliyesimama kumzuia. "Mzee mwenzangu, acha. Na mkeka hatufanyi mchezo."

"Mimi sichezi. Nataka shamba langu."

Alilala kwenye mchanga. Mwaijande na mimi tukamviringishia mkeka kama anavyoviringishwa maiti, tukaacha nafasi ndogo ya pumzi. Bwana Mnyororo aliinua ukingo wa mkeka kwa fimbo yake, akaona macho yanapepesa, akamwambia karani aandike kwamba mwenye shamba yupo. Bwana Mwavuli alicheka. Alipoona anacheka peke yake, aliacha.

Kisha Subilaga alitoka. Alitoka amejifunika hadi kichwani, anatembea kama anayekwenda kupigwa. Alipofika karibu na mkeka alisimama. Aliutazama mkeka, akashusha nguo kichwani, akabaki uso wazi.

Alisema, na mkalimani akafuata. Alikuwa anakata majani ya migomba, mvua ikinyesha. Kilichomshtua kilikuwa ukimya. Sauti ya mto, ambayo mtu wa pale haisikii tena kwa kuizoea, ilikatika. Alikwenda ukingoni akaona maji yanashuka, yanashuka, samaki wakigaragara kwenye tope, na kambale wakijikokota kutafuta mahali. Mto ulikuwa unaondoka. Ndipo akasikia ardhi inaguruma nyuma yake, upande ambao haujawahi kuwa na maji.

Hapo ndipo kilio kilipoanza.

Wanawake walikuwa wamevuka na vyakula. Waliokuwa mbele walitokeza kwenye migomba wakaona yafuatayo: mkeka umelazwa mchangani, wazee wameuzunguka kimya, na Subilaga amesimama juu yake, uso wazi, anasema kwa sauti. Mkamwana hawezi kusimama hivyo ila kwa sababu moja. Hawakuwa na haja ya kuuliza. Vyungu vilianguka. Wa kwanza alipiga yowe, wa pili akadaka, na kilio kikaruka mto kikaenda kijiji kwa kijiji kama kinavyokwenda siku zote huku kwetu, kila mwenye kukisikia anakipokea na kukipeleka mbele. Muda mfupi tukasikia ngoma ya msiba ikiitika kutoka upande wa Bujonde.

Mwaijande alikimbia kuwanyamazisha. Nani amnyamazishe mtu anayelia msiba? Walimwangukia yeye mabegani, wakamlilia pole.

Bwana Mnyororo akauliza, "Wanalia nini hao?"

Mkalimani akasema, "Wanamlilia mwenye shamba, Bwana."

"Lakini yu hai."

"Ndiyo, Bwana."

Subilaga alikuwa amenyamaza. Mimi nilikuwa karibu na mkeka, upande wa miguu, na niliona ukipanda na kushuka. Mzee alikuwa anasikia kila kitu. Alisikia dada zake wanataja jina lake, wanataja ng'ombe wake, wanamlaumu kwa kuondoka bila kuaga. Angeketi wakati ule, kilio kingekatika, watu wangecheka, jambo lingekuwa la kusimulia kwenye pombe. Lakini Subilaga angekimbia. Ushahidi ungekatwa katikati, na mabwana walikuwa wamesema hawarudi tena.

Nilitaka kuuvuta mkeka. Mkono wangu ulifika. Ndipo kidole kimoja kikatokeza kwenye nafasi ya mkeka, kikakwaruza mchanga kidogo, kikarudi ndani. Subilaga alikiona. Machozi yalimtoka, lakini akainua sauti juu ya vilio vyote akaendelea.

Alisema maji yalikuja kwa njia ya ng'ombe, ile ya bondeni nyuma ya shamba, yakiwa mekundu, yamebeba miti yenye mizizi. Mbuzi walipanda juu ya kichuguu naye akapanda nao. Asubuhi alipokwenda kuteka maji alishuka ukingo ule ule wa siku zote. Jioni mto ulikuwa nyuma ya shamba. Mbele ya maji, alisema, aliona watu wanatembea. Walikuwa wazee, wamejitwika mikeka yao, hawageuki nyuma. Mkalimani alisita hapo. Bwana Mnyororo akamwambia karani aache hilo, aandike habari ya asubuhi na jioni.

Mwakasungula aliulizwa kama ana la kupinga. Alitazama mkeka, akatazama wanawake wanaogaragara kwenye migomba. Akasema, "Mwanamke hawezi kusimama hapa leo, namna hii, halafu adanganye. Mto uliruka." Akaketi chini, akashika kichwa.

Basi ikawa hivyo. Mpaka ulibaki kwenye mchanga, shamba likabaki letu, na sisi tukaamriwa kupiga vigingi kwenye mto usio na maji.

Subilaga alikimbilia kwenye migomba, nasi tukafungua mkeka. Lakini watu wa Bujonde walikuwa wameshafika. Vijana wa ngoma walikuwa wameshacheza na mikuki yao ukingoni, na mume wa binti mmoja wa Mwakatundu, aliyekuwa karibu, alikuwa ameshaleta fahali wa msiba na kumchinja, maana kuchelewa ni aibu. Damu ilikuwa chini. Mwakatundu akaketi, mchanga kwenye ndevu, akasafisha koo.

Kilio kilikatika mara moja. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemkimbilia. Walirudi nyuma hatua kwa hatua, na dada yake mkubwa akajifunika uso.

Wazee walikaa pembeni wakasemezana mpaka jua likapungua. Walipotoka uamuzi ulikuwa mfupi. Aliyeliliwa, na fahali akaanguka, ameshakabidhiwa kwa abasyuka. Wao wameshampokea. Ukimrudisha, watakuja kuchukua mwingine badala yake, na nani atakayemtoa mtoto wake? Hawakumfukuza. Angekaa kwenye shamba lake. Ila hakuna wa nyumba yake atakayemsalimia, wala kumwita, wala kumjibu, kwa sababu hayupo.

Mnaweza kusema ni ujinga. Mimi Mkisi nilisema hivyo hivyo, tena kwa sauti, na Mwaijande alinipiga kofi. Alisema, "Wewe unapiga vigingi kwenye maji yasiyokuwepo kwa amri ya karatasi. Usiwafundishe wengine nani yupo na nani hayupo."

Kazi yangu ikawa kukagua vigingi vile kila kiangazi. Mbinu yake ni rahisi: gonga kichwa cha kigingi kwa nyundo usikilize. Kikiitika kizito, kimeshika. Kikiitika chepesi, mchwa wamo. Na kila nilipokuja nilimkuta Mwakatundu. Alikuwa anatembea kwenye migomba yake, ambayo ilikuwa inazaa vizuri mno. Wajukuu walipita karibu naye wakitazama mbele. Chakula hakukosa. Subilaga alikileta yeye, kwenye bakuli, akakiweka chini ya mgomba kama tunavyowawekea wazee waliotangulia. Ajabu ni kwamba yeye sasa alikuwa na ruhusa ya kumtazama, kwa kuwa mkwe aliyekufa anatazamwa. Alimtazama sana. Waliketi hivyo, huyu anakula, huyu anamtazama.

Nilimsalimu. Mimi msiba ule haukuwa wangu. "Ugonile, tata." Alinitikisia mkono kama anayefukuza nzi. "Wewe ni mtu wa boma," alisema. "Salamu yako inanipita tu." Alitaka salamu kutoka kwa mwenye nyumba, mtu mwenye shamba na wafu wake.

Alikuwa anakonda. Si njaa. Sauti yake ilikuwa inakwisha kwa kukosa mahali pa kwenda.

Kiangazi kimoja, kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza, nilikuwa mchangani nagonga vigingi. Mwakatundu alikuja akasimama karibu na kigingi cha katikati, vidole vya miguu vikigusa mstari. Ng'ambo Mwakasungula alikuwa analima. Tangu siku ya shauri wale wawili hawakuwahi kusemezana. Mwakasungula aliinua kichwa, akajifuta jasho, akamwona.

"Ugonile, Mwakatundu," akasema.

Mzee aligeuka kutazama nyuma, labda kuna mtu mwingine. Kisha akauliza, kwa sauti ambayo nusura nisiisikie, "Unanisalimu mimi?"

"Nani mwingine aitwaye hivyo?"

"Mimi nimeshaliliwa."

Mwakasungula alinyoosha mpini wa jembe kuelekea Bujonde. "Umeliliwa kule," alisema. "Ngoma yenu tuliisikia. Lakini hapa mpaka umepita, nawe ndiye uliyeutetea. Sisi upande huu hatukukulilia. Vuka, mzee mwenzangu, njoo tulime."

Mwakatundu aliangalia migomba yake, na migomba ya baba yake, na pale walipolala. Subilaga alikuwa amesimama mle na bakuli. Naye alikuwa amesikia. Aliliweka bakuli chini taratibu, akajifunika kichwa, akainama, kama mkamwana anavyofanya mkwe wake aliye hai anapopita.

Mzee akavuka. Mwakasungula alimpa jembe la pili, na nilimsikia Mwakatundu akisafisha koo, akianza kubishana naye habari za matuta. Hakurudi tena upande huu. Nilibaki na nyundo mkononi, na kigingi kile sikukigonga, kwa sababu nilikuwa nalia.